Shuka Inaburuza

Kambini, 4 Februari

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa nakujua, utaisoma umesimama huku mkono mmoja uko kwenye pasi. Mimi mzima wa afya. Nakula, nalala, naamka, nakula tena. Mwambie mama soksi alizonifumia nazivaa kila siku, joto au baridi, na kile kikohozi kilishaniaga. Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kocha wangu mpya amezikusanya simu za mabondia wote akazifungia kabatini. Anasema bondia mwenye simu ni nusu bondia. Basi tumerudi kwenye stempu, na nimegundua mwandiko wangu haujakua tangu darasa la nne.

Sasa habari yenyewe. Nimepata pambano la mkanda, uzito wa juu, mwishoni mwa mwezi wa sita. Nitapigana na yule kijana wanayemwita Trekta. Yeye ana miaka ishirini na sita. Mimi nitatimiza thelathini na tisa mwezi huohuo, na magazeti yameshaanza kuniita Babu. Cheka umalize, halafu uendelee kusoma. Mkanda huu nimeshaugombea mara mbili nikaukosa, na safari hii chama kimeniambia bila kupepesa macho kwamba nafasi nyingine sitapewa. Nikishindwa, glovu zinatundikwa ukutani.

Trekta ana kilo mia moja na kumi na nane. Mimi nilikuja hapa na tisini na nane. Kocha alinizunguka kama mtu anayenunua kabati, kisha akasema, "Babu, unapiga vizuri, lakini huyu atakusukuma mpaka ukae kwenye mapaja ya watazamaji." Kwa hiyo tunajenga mwili. Vyuma asubuhi, vyuma jioni, na katikati mayai. Nimeshaongeza kilo tano, na lile shati la bluu ulilonipa limekataa kufungwa vifungo.

Mimi sijidanganyi, dada. Miguu haiendi tena kama zamani. Kama kasi inafunga virago, basi acha nguvu ihamie. Umeonaje?

Halafu, yule binti aliyekuwa akikusaidia kazi ameolewa. Nani anakushikia upande wa pili wa shuka siku hizi? Usihangaike peke yako, mgongo wako nao umekula chumvi.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 21 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na doa la mafuta juu ya jina langu, nikajua mayai hayo si maneno matupu. Sisi wazima. Mama anakusalimu, goti lake siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kazi ipo, nyumba ya wageni imeongeza vyumba na shuka zao zinanifika kiunoni. Bomba la uani lilipasuka wiki iliyopita, maji yakaingia mpaka kwenye foronya safi, nikalia kwa hasira. Akaja fundi mabomba, mtu mpole sana, akalitengeneza. Juzi likavuja tena, akaja tena.

Nilimsomea mama barua yako yote isipokuwa habari za Trekta. Nilipofika hapo nilikohoa, nikaruka. Akaniambia, "Rudi pale ulipokohoa." Nikarudi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuwasha mashine ya kufulia ambayo haikuwa na nguo hata moja ndani. Unamjua. Tangu pambano lako la kwanza aliapa hatakanyaga ukumbi wa ngumi, na redio ikikutaja tu, anafua ilimradi asisikie.

Umeuliza nimeonaje. Nimeona vibaya. Wewe ngumi hukujifunza kwenye vyuma. Ulijifunza hapa uani, tukikunja shuka. Mimi ncha mbili, wewe ncha mbili, mama pembeni na foronya mbichi mkononi: "Vuta. Ingia. Toka." Tunavuta shuka inyooke, tunaingia kukabidhiana ncha, tunatoka kushika mkunjo mpya. Ukichelewa kutoka, foronya ya shingo. Na ukishusha mikono pindo likakaribia vumbi, mama anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Shuka inaburuza!" Hapo mikono ilipanda juu hata kabla hatujafikiri, maana shuka iliyogusa chini inafuliwa upya, na wa kuifua upya ni aliyeishusha. Ulipofika miaka tisa, foronya ilikuwa haikupati tena. Watu wanalipa kiingilio kutazama unavyokwepesha kichwa, hawajui unaikwepa foronya ya mama.

Sasa unataka kuwa kabati. Yule kijana ni kabati tayari, na kwa ukabati atakushinda. Nasema kwa sababu naogopa, wala sioni haya kusema.

Dada yako

*

Kambini, 14 Machi

Dada,

Kabati linakusalimu. Kabati lina kilo mia moja na kumi, halijambo, na linaomba mama alifumie soksi nyingine kwa sababu zile zimepasuka kwenye mashavu ya miguu. Hali ya hewa huku ni nzuri. Chumba nimebadilishiwa, kitanda cha kwanza kilisalimu amri.

Ungeniona usingenijua. Jana gari la Kocha liligoma, nikalisukuma peke yangu mpaka juu ya kilima, watu wakatoka madukani kupiga makofi. Nikipiga mfuko wa mazoezi, mnyororo wake unalia. Kujikuna mgongo siwezi tena, natumia kona ya mlango, na shati inabidi nivalishwe kama bwana harusi. Hayo ni mambo madogo.

Mazoezi ya kupigana na wenzangu yanaendelea. Hayo nitakuandikia siku nyingine.

Habari za shuka nimezisoma na nimecheka, lakini nilikuwa na miaka tisa, dada, na kilo thelathini. Trekta hatakuja na foronya.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Hilo bomba. Bomba moja, fundi mmoja, na bado linavuja. Ama fundi hajui kazi, ama kuna kitu sijaambiwa. Nimekuuliza nani anakushikia upande wa pili wa shuka, ukajitia hamnazo. Nauliza tena.

Kabati

*

Nyumbani, 29 Machi

Mdogo wangu,

Sote hatujambo. Mama ameanza soksi nyingine, amenipima mimi pajani akasema labda zitakutosha. Mvua zimeanza, tunaanika ndani, nyumba nzima inanuka sabuni. Bomba limetulia kiasi.

Umeandika kurasa mbili za kusukuma gari. Trekta si gari lililogoma. Habari za kupigana na wenzako umeziandika mstari mmoja, ukamalizia na "siku nyingine". Mimi nimekubeba mgongoni, na nilikuwa nakuosha masikio ukipiga kelele. Najua ukisema siku nyingine unaficha nini.

Pamoja na barua hii kuna furushi. Ndani ni shuka ya kitanda kikubwa. Mpe Kocha ncha mbili, wewe ushike mbili. Mtu awaamrishe haraka haraka kama mama: vuta, ingia, toka. Kisha uniandikie ilivyokuwa. Usitie chumvi.

Mama aliiona nikiifunga. Hakuuliza inakwenda wapi. Aliichukua mikononi mwangu, akaipiga pasi upya, akanirudishia.

Dada yako

*

Nyumbani, 3 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na wewe sijui.

Mwezi umepita na zaidi. Nilikwenda posta kuuliza, wakanionyesha kwamba furushi lilichukuliwa na kutiwa sahihi. Niliitazama sahihi. Mwandiko wa darasa la nne.

Sikukasirikii. Mama ameacha kuwasha mashine tupu, sasa akisikia baiskeli ya posta anatoka mpaka mlangoni, kisha anajifanya alikuwa anafagia. Andika hata neno moja.

Dada yako

*

Kambini, 10 Mei

Dada yangu,

Nisameheni nyote wawili. Mimi mzima. Neno moja ulilotaka ni hili: nilichelewa.

Siku furushi lilipofika, Kocha alishika ncha zake huku akicheka, na mabondia wote wakatuzunguka kama wamekuja harusini. Vuta, nikavuta, nusura nimng'oe mabega, wakashangilia. Ingia. Kocha alikuwa ameshafika katikati, kasimama, ananisubiri. Toka. Nikawa bado natafuta ncha. Tukarudia, na kila tuliporudia nilichelewa. Halafu mikono ikagoma. Mabega yangu yamejaa nyama, mikono ikifika usawa wa kidevu inakwama hapo. Shuka ya mama, aliyoipiga pasi mara mbili, ikalala kwenye vumbi. Nimezeeka, dada, lakini sijawahi kuona haya namna ile.

Na lile la siku nyingine ni hili. Kabla ya furushi nilipangiwa kupigana mazoezi na kijana wa uzito wa kati, mwembamba, ili eti nimfundishe. Alinipiga raundi tatu bila mimi kumgusa hata sikio. Nilirudi chumbani nikajiambia kabahatisha. Baada ya shuka sikuweza tena kujidanganya. Niliogopa, na kila nilipoanza kukuandikia nilichana.

Kocha hakucheka kwa muda mrefu. Alikaa juu ya ndoo akauliza, "Nani kakutumia hii?" Nikasema ni dada yangu, dobi. Akafikiri, akasema, "Mwambie dobi nimemwelewa nusu." Nusu, kwa sababu anadai Trekta atanikumbatia na kunilalia, na bila nyama kidogo nitavunjika katikati. Tumekubaliana hivi: vyuma vimepunguzwa, mayai yamepunguzwa, ila hatutarudi tisini na nane. Na kila asubuhi na kila jioni, shuka.

Sasa kambi nzima inakunja. Yule kijana mwembamba ndiye anayetuamrisha, na ana roho mbaya kama mama. Jirani amekuja kuuliza kama tumefungua nyumba ya wageni. Jana kwa mara ya kwanza nilitoka kabla ya Kocha, akatukana kwa furaha.

Nimeweka tiketi mbili humu. Moja yako. Nyingine ya mama, najua hatakuja, lakini nisingeweza kutuma moja.

Mdogo wako, aliyekuwa Kabati

*

Nyumbani, 2 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo, na leo tuna furaha. Nilisoma barua yako mbele ya mama bila kuruka wala kukohoa. Nilipofika pale shuka ilipolala kwenye vumbi alisema, "Aifue yeye." Nilipofika ya jirani na nyumba ya wageni alicheka mpaka akashika goti. Miezi mingi sijamwona akicheka akitajiwa ngumi. Mimi nililia, kisha nikacheka, kisha nikaunguza foronya ya watu.

Mwambie Kocha hiyo nusu yake naitafakari. Sijaikubali.

Habari za tiketi. Ya mama aliitazama mbele na nyuma, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza ya pasi, ule unaoyumba. Meza imetulia. Anasema ni faida ya kwanza ambayo ngumi zimeleta ndani ya nyumba hii. Yangu nimeiweka, ila usinihesabu. Siku hiyo kuna wageni wengi na shuka zao zinatakiwa alfajiri. Usipoteze muda kutafuta sura yangu kwenye viti, tazama mbele yako, kuna mtu anataka kukupiga.

Bomba limevuja. Usiulize.

Nakupenda, mjinga wewe. Rudi na kichwa chako kama ulivyoondoka nacho.

Dada yako

*

Kambini, 30 Juni

Dada yangu,

Simu nimerudishiwa. Nimekupigia mara nyingi, hupokei, na mama naye hapokei. Haya basi, naandika.

Najua redio imeshawaambia, lakini redio haikupigana. Nilipanda mizani na kilo mia moja na tatu. Trekta alinitazama akatabasamu, yeye ana mia na kumi na nane zake zote. Raundi za mwanzo sikumpa kitu cha kupiga. Ingia, mkono wa kushoto, toka. Ingia, mbili, toka. Alikuwa anapiga mahali nilipokuwa, na mimi nimeshahama. Watu wakaanza kucheka, na si kwamba wananicheka mimi. Kwenye kona Kocha alikuwa ananinong'oneza, "Kunja, Babu, kunja."

Raundi ya nane miguu ilianza kunidai. Raundi ya tisa alinikamata, akanibana kwenye kamba na kunilalia na mwili wake wote, na hapo, dada, umwombe Kocha radhi. Ningekuwa na tisini na nane zangu ningekunjika. Zile kilo tano zilisimama. Nilimbeba, nikamgeuza, yeye ndiye akabaki kwenye kamba.

Raundi ya kumi nilikuwa nimekwisha. Mikono ilishuka, niliiona inashuka na sikuweza kuipandisha. Nikaona bega la Trekta linarudi nyuma, nikajua ngumi gani inakuja na itatua wapi, nikajisemea, basi, ndiyo hii. Na hapo katikati ya kelele za ukumbi mzima nikasikia: "Shuka inaburuza!"

Mikono ilipanda yenyewe. Sikuamua mimi. Ngumi ikatua kwenye glovu, yeye akapitiliza kwa uzito wake, nikaingia, kushoto, kulia, nikatoka. Nilipotazama, Trekta alikuwa amepiga goti na mwamuzi anamhesabia. Aliinuka, ni mwanamume yule, lakini tangu hapo alikuwa ananiogopa. Nimeshinda kwa pointi, majaji wote watatu. Alinikumbatia mwishoni akaniuliza sikioni, "Babu, shuka gani?" Nikamwambia ni habari ndefu.

Nimepata mkanda. Na glovu nazitundika mwenyewe, kwa raha zangu, kabla hajatokea wa kunitundikia. Nimeshamwambia Kocha. Alilia, akasingizia vitunguu, na jikoni hakukuwa na kitunguu.

Nilikimbilia kwenye viti vyenu na mkanda begani, nikakuta vitupu. Kwa nini hukunisubiri? Uliniokoa, dada, kisha ukaingia mitini. Sauti yako ilikuwa nzito kidogo, nadhani una mafua. Asante. Sijui niseme nini zaidi ya asante.

Mdogo wako, bingwa

*

Nyumbani, 7 Julai

Bingwa wangu,

Sisi wazima, wazima kupita kiasi. Mtaa mzima umekuja kupongeza na hakuna aliyeleta nguo za kufua, kwa hiyo tumepumzika. Simu hatukupokea kwa sababu mama alikataza. Alitaka kwanza apate la kusema, na imemchukua wiki.

Sina mafua. Na sauti haikuwa yangu.

Siku ile asubuhi niliweka pasi mezani, meza ikayumba. Nikainama kutazama chini ya mguu. Hamna kitu. Nilipotoka nje nilimkuta mama amevaa koti lake zuri, amekaa kiti cha mbele kwenye gari la fundi mabomba, mkoba mapajani. Akasema, "Hatutakaa sana, kuna shuka za watu."

Naam, fundi mabomba. Umeuliza tangu Februari nani ananishikia upande wa pili wa shuka, ndiye huyo. Mara ya pili alipokuja nilikuwa nahangaika na shuka peke yangu, akaweka spana chini, akashika ncha bila kuambiwa. Anaingia na kutoka kwa wakati, na mama hajampiga foronya hata mara moja. Amekiri kwamba mara mbili za mwisho bomba alililegeza mwenyewe. Tunaoana mwezi wa tisa. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kichwa chako kibaki kwenye ulingo, na pia, nikisema kweli, nilikuwa naona haya kama msichana.

Mimi sikuona pambano lako. Mtu wangu alijikatia tiketi yake, tukasafiri, tukakaa, kengele ikalia, nikaficha uso kwenye bega lake mpaka mwisho. Mama ndiye aliyetazama. Hakupepesa jicho. Alikuwa amebeba foronya kwenye mkoba, anaisokota mapajani, na midomo inacheza: ingia, toka, ingia, toka. Raundi ya kumi alisimama juu ya kiti, na goti lile, na koti lile, akapaza sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto. Hata mimi mikono yangu ilipanda. Nilimpiga mchumba wangu kidevuni.

Walipokutangaza alikaa akalia kwa sauti ndani ya foronya. Kisha akaifuta pua, akasema twende, hataki umwone na macho mekundu baada ya kiapo cha miaka yote ile. Njiani aliniambia alikuwa akiwasha mashine ili asikie kitu kingine badala ya moyo wake. Alisema hivyo tu, akasinzia.

Nusu ya Kocha nimeikubali. Mwambie, na mwambie aje harusini.

Mama amekaa hapa pembeni ananiamuru niandike. Anasema raundi ya kumi na mbili shuka ilikuwa inaburuza tena, ila aliona majaji wameshaandika yao, akakusamehe. Anasema uje nyumbani, kuna kazi, na ulete huo mkanda aone kama unatosha chini ya mguu wa meza, maana bado inayumba na tiketi hairudi huko. Ameipiga pasi mpaka mikunjo yote ikatoka, ameibandika ukutani juu ya mashine, na anaitazama akifua.

Dada yako